Askari, Dereva, Babu

Katika lugha yetu neno wasifu na neno sifa ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili tuliyapokea kutoka Kiarabu, na mzizi wao ni mmoja, wenye maana ya kueleza kitu kilivyo. Lakini sifa, kama kila msemaji wa Kiswahili ajuavyo, ina uso wa pili. Sifa za mtu ni jinsi alivyo, na kumpa mtu sifa ni kumtukuza. Ndiyo maana, nadhani, wasifu wa marehemu unaposomwa msibani watu hawatazamii kusikia habari zake zote. Wanatazamia kusikia mema yake. Lugha yenyewe imekwisha kuwaelekeza huko kabla msomaji hajakunjua karatasi.

Sisemi kwamba jambo hili ni baya. Desturi ya kutomsema marehemu ina msingi wa haki ndani yake, si adabu tu. Marehemu hawezi kujibu, na asiyeweza kujibu haifai kushtakiwa. Hata hivyo desturi hiyo inamlinda mtu mmoja ambaye hahitaji tena ulinzi, na waliokaa mkekani wakisikiliza ni watu hai. Je, ukimya wetu juu ya makosa ya aliyekufa hauwezi kuwa dhuluma kwa aliyebaki? Nimelifikiria swali hili kwa miaka mingi kwa sababu ya babu yangu mzaa baba, aliyefariki mwaka 1997. Wasifu wake uliandikwa na baba yangu mdogo kwa moyo mweupe, akausoma kwa sauti nzuri isiyotetemeka. Ulimweleza marehemu kuwa askari wa zamani, dereva wa malori, na babu wa wajukuu 21. Ndani yake hamkuwa na uwongo hata mmoja.

Kwanza, askari. Babu aliingia katika jeshi la KAR, ambalo watu waliliita Keya, mwaka 1942, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi. Wako waliojiandikisha kwa hiari, na wako waliopelekwa na majumbe wao; yeye hakupata kutuambia alikuwa wa kundi lipi. Divisheni yake, ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyovaa begani alama ya kichwa cha kifaru, ilivushwa bahari hadi Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, mwaka 1943. Mwaka uliofuata iliingizwa Burma, au Bama kama wazee wetu walivyoiita. Kuanzia Agosti hadi Desemba 1944 ilikuwa ikiwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw, kutoka Tamu mpaka Kalewa kwenye mto Chindwin. Bonde hilo lilijulikana kwa malaria hata likaitwa bonde la mauti, na mvua zake hazikuwa na mchezo.

Babu hakutusimulia habari za kuua wala za kuuawa. Alisimulia habari za tope tu. Yeye alikuwa dereva, maana jeshi ndilo lililomfundisha kushika usukani, kama lilivyowafundisha vijana wengi wa Afrika Mashariki ambao kabla ya hapo hawakuwahi hata kupanda gari. Alisema kwamba huko njia ilikuwa moja na nyembamba, na lori moja likikwama, limewakwamisha wote: nyuma yake kuna chakula, kuna risasi, kuna majeruhi. Basi sheria ilikuwa kwamba humpiti aliyekwama. Unashuka, unakata magogo, unayatandika topeni, unasukuma pamoja naye mpaka gari litoke. “Gari lililokwama halipitwi,” alikuwa akisema, kwa sauti ile ambayo watu wengine huitumia wanaposoma amri za Mungu.

Vita vilipokwisha, kiinua mgongo kililipwa kwa kuhesabu rangi ya ngozi. Askari Mwafrika alipewa sehemu ndogo tu ya alicholipwa Mzungu wa cheo kilekile, ingawa mbu wa Kabaw hawakuwa wamewabagua. Babu aliirudia habari hiyo kwa neno moja tu, akilishika koti lake zito la jeshi lililoning'inia nyuma ya mlango: “Tulilipwa hili.”

Pili, dereva. Hapa ndipo alipotumia sehemu kubwa ya maisha yake, na hapa ndipo penye kisa. Mwaka 1947 aliajiriwa kuendesha lori la mfanyabiashara mmoja, na kwa karibu miaka ishirini alibeba mahindi, saruji na mabati katika mikoa yetu ya kusini. Kisha, tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ikajitangazia uhuru kule Rhodesia. Zambia, iliyokuwa huru tangu Oktoba 1964 tu, ilikuwa ikipata mafuta yake kupitia huko huko Rhodesia. Njia hiyo ikafungwa. Petroli ikabidi ipelekwe kutoka bandari ya Dar es Salaam kwa lori, katika mapipa, masafa ya kilomita karibu 2000 hadi Lusaka, na malori yalirudi yamebeba shaba. Sehemu kubwa ya njia baada ya Morogoro ilikuwa ya udongo. Kiangazi ilikuwa vumbi na mashimo, masika utelezi. Malori yalianguka, mengine yakaungua na madereva wake. Waandishi wa Kiingereza waliiita njia ya jehanamu. Hali ilipungua ukali bomba la mafuta la TAZAMA lilipofunguliwa mwaka 1968, kisha lami ilipotandikwa, na mwisho reli ya TAZARA ilipoanza kazi mwaka 1976.

Babu alikuwamo katika safari hizo tangu mwanzo. Sheria yake ya Bama alikwenda nayo. Dereva mmoja wa Kizambia alikuja nyumbani kwetu miaka ya sabini, akiwa na kitenge cha kumpa bibi, akaeleza jinsi ekseli ya tela lake ilivyokatika porini Mikumi, ambako simba hawahitaji kutafutwa. Malori mawili yalimpita. La tatu lilikuwa la babu. Alisimama, akakaa naye siku mbili na usiku wake, wakila ugali wa sufuria moja, mpaka msaada ulipofika. Walikuwa hawajaonana kabla ya hapo. Tajiri wa babu alikuwa akiwakata posho madereva waliochelewa, na safari ile babu alikatwa.

Wako watakaosema kwamba huo haukuwa wema bali mazoea, na kwamba mazoea hayo yalianzia mahali ambapo kumsaidia aliyekwama kulikuwa kujisaidia mwenyewe, kwa kuwa usipomtoa hupiti. Hoja hiyo ina ukweli kwa upande wa Kabaw. Lakini Mikumi njia ilikuwa na nafasi ya kupita, na wawili walikwisha kupita. Sioni kwa nini wema uliofundishwa na tope uwe pungufu kuliko wema uliofundishwa na vitabu. Kinachonisumbua mimi ni kitu kingine.

Kijiji chetu kiko kando ya barabara hiyohiyo, juu ya mlima Kitonga, upande wa Ilula. Gari lililobeba petroli likishaupanda Kitonga kwa gia nzito, injini ikilia na utingo akitembea nyuma na kigingi mkononi tayari kukitupia tairi, dereva hapendi tena kulisimamisha kabla ya Iringa mjini. Kwa hiyo babu alikuwa na desturi ya kupiga honi mara tatu apitapo nyumbani. Watoto hukimbilia barabarani, hupunga mikono, lori hupita. Hivyo ndivyo walivyomwona baba yao kwa miaka kadhaa.

Masika ya mwaka 1967 surua iliingia kijijini, na mtoto wa mwisho wa babu, mvulana wa miaka miwili, akaugua. Hospitali ilikuwa Iringa, kama kilomita 45, na mvua ilikuwa imezuia mabasi. Ilifahamika kwamba babu angepita siku ile, kwa sababu utingo wa lori lililotangulia alileta habari. Shangazi yangu, binti yake wa kwanza, alikuwa na miaka 16. Alisimama barabarani tangu alfajiri. Aliposikia honi tatu alivua kanga yake ya mabegani akaipunga juu ya kichwa kwa mikono miwili. Utingo, aliyekuwa amekaa juu ya turubai, alimpungia. Lori likapita. Mtoto alifariki usiku wa pili yake, na babu alirudi baada ya siku tisa akakuta kaburi.

Babu alisema alidhani anasalimiwa. Shangazi anasema walitazamana machoni. Yote mawili yanawezekana, na aliyekuwa juu ya turubai alikufa katika ajali mwaka uliofuata. Shangazi alipata kuniambia mara moja tu, nami sikumwomba aseme: “Ningekuwa lori lililokwama, angesimama.”

Msomaji asinielewe vibaya. Sidhani kwamba babu alikuwa mtu mbaya aliyejificha katika ngozi ya mtu mwema. Nadhani alikuwa mwema kwa kipimo alichopewa, na kipimo hicho kilikuwa kipimo cha barabara. Barabarani alijua nani amekwama: gari limeinama, boneti imefunguliwa, majani yamewekwa njiani kuonya wengine. Nyumbani hakuna anayeweka majani njiani. Mke anakwama akiwa amesimama wima anapika, mtoto anakwama huku anapunga kanga. Kuzijua dalili hizo kunataka mtu awepo, na yeye hakuwepo. Nani alimtaka asiwepo? Kwanza dola ya Kiingereza, iliyomhitaji miaka minne. Baadaye mshahara. Kisha, naweza kusema, uhuru wa Afrika, kwa sababu mapipa yale hayakuwa biashara tu. Nchi jirani ingezimika bila hayo, na Tanzania ilikubali kwa hiari kubeba sehemu ya mzigo. Lakini hata nikiyaweka yote hayo mezani, kusimamisha lori kwa dakika kumi pale Ilula kusingeizima Zambia.

Nchi ina namna yake ya kukumbuka. Kariakoo, sokoni tunakonunua nyanya na vitambaa, ni jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa vita vya kwanza, Carrier Corps, na ni wachache wanaolifikiria hilo wanapobishana bei. Sanamu ya Askari imesimama katikati ya Dar es Salaam tangu mwaka 1927 kwa ajili ya askari na wapagazi wa vita hivyo. Sijaona mahali popote sanamu ya binti aliyesimama kando ya njia. Pengine haiwezekani kuichonga, maana mtu atauliza: huyu alifanya nini?

Tatu, babu. Alistaafu mwaka 1981, na sisi wajukuu tulimpata yeye mzima, tofauti na watoto wake waliompata kwa mafungu. Alikuwa babu wa homa. Mtoto akichelewa kuamka, babu alikwisha kumgusa paji la uso kwa mgongo wa kiganja. Usiku wa manane alimfunga mjukuu mgongoni kwa shuka, akapanda baiskeli, akaenda naye zahanati, mara nyingine kwa mafua tu, na mganga akamcheka. Alikuwa na tabia nyingine tuliyoiona kuwa kichekesho. Mtu yeyote akimpungia mkono kutoka mbali, alishuka kwenye baiskeli, akaweka mguu chini, akauliza kwa sauti kubwa: “Unaniita au unanisalimia?” Hata mtu akiwa ng'ambo ya bonde. Tuliigiza swali hilo shuleni, tuliliigiza kisimani, tukiangua kicheko.

Na kuigiza ilikuwa haki yetu, kwa sababu mjukuu ni mtani wa babu yake. Utani katika nchi yetu ni taasisi kubwa kuliko inavyodhaniwa na wanaouona kuwa mzaha. Uko kati ya makabila, kama Wanyamwezi na Wazaramo waliokutanishwa na misafara ya pwani, na uko ndani ya ukoo. Kazi yake mojawapo ni msibani. Watani huvaa nguo za marehemu, huigiza mwendo wake, huusema uchoyo wake na ulevi wake mbele ya wafiwa, hulizuia jeneza lisishushwe mpaka walipwe chochote. Yale ambayo wasifu hauwezi kuyatamka, mtani huyatamka, na kila mtu hucheka huku akifuta machozi. Nimeona misiba ambayo ukweli wote uliosemwa ulisemwa na watani.

Kwa hiyo msiba wa babu, baada ya wasifu kusomwa, binamu zangu watatu waliingia uwanjani. Mmoja alivaa lile koti la jeshi. Mmoja alishika sinia kama usukani. Walizunguka uwanja wakinguruma kama injini, wakakata kona, wakamkanyaga jirani mguu, watu wakafa kwa kicheko. Kisha mwenye sinia akapiga honi kwa mdomo mara tatu, na mwenye koti akashuka, akaweka mguu chini, akauliza: “Unaniita au unanisalimia?”

Shangazi akasimama, akajifunga kanga vizuri, akaondoka. Hakurudi mpaka mazishi yalipokwisha.

Wazee walikasirika. Walisema mtu mzima hakasirikii utani, na kwamba binti wa kwanza kuondoka kaburi halijafukiwa ni aibu kwa ukoo. Mimi naona alikuwa na haki, na nitajaribu kueleza kwa nini. Msibani kuna milango miwili ya kumkumbukia mtu: sifa, ambayo huyafunika makosa, na utani, ambao huyafunua ili yachekwe na kuisha. Milango yote miwili imetengenezwa kwa ajili ya watu wanaotaka mambo yaishe. Yeye alikuwa na jambo ambalo halikuisha, na hapakuwa na mahali pa kuliweka. Tena, katika karatasi nzima ya baba mdogo, marehemu aliitwa askari, akaitwa dereva, akaitwa babu. Neno baba, kwa maana ya kazi aliyoifanya, halikuwamo. Sidhani kwamba msomaji aliliruka kwa makusudi. Nadhani alipolitafuta la kuandika chini yake hakulipata, naye ni mtoto wake.

Baba mdogo na mimi tumebishana sana juu ya jambo hili, kwa heshima, kama inavyostahili. Yeye anasema mtu ni pale alipoishia: babu alijirekebisha, deni lake alililipa kwetu sisi wajukuu, usiku baada ya usiku juu ya baiskeli ile, na swali lile lilikuwa toba ya kila siku. Nakubali kwamba lilikuwa toba. Sikubali kwamba lilikuwa malipo. Babu mwenyewe, kama dereva, angetuambia kwamba mzigo una hati, na hati ina jina la mpokeaji. Ukiushusha kwa mtu mwingine, hata kama ni jirani mwenye shida kweli, hujaufikisha. Umetoa zawadi kwa mali ya mtu. Sisi tulipokea upole ambao jina lililoandikwa juu yake halikuwa letu. Siulaumu, umenilea. Lakini siwezi kutia sahihi kwa niaba ya shangazi. Msamaha ni wa aliyekosewa, na wajukuu, hata tukiwa 21, hatuna kura ndani yake.

Wako pia wa upande wa pili, mmoja wao ni dada yangu, wanaosema kwamba tangu walipokijua kisa hiki babu waliyempenda amekufa mara ya pili, kwamba upole ule ulikuwa hofu tu ya mtu mwenye hatia. Hapo nao siwafuati. Ile mizani tunayoipenda, mema sahani hii na mabaya sahani ile, inatufanya tudhani kwamba lazima upande mmoja uufute mwingine. Yule Mzambia wa Mikumi hakukaa porini siku mbili na mtu wa kufikirika. Shangazi naye hakupunga kanga kwa mtu wa kufikirika. Mwanamume alikuwa mmoja, na lori lilikuwa lilelile.

Shangazi yu hai, na miguu bado inamruhusu. Kila masika huja kufagia makaburi, la mdogo wake kwanza, kisha la babu, yote kwa fagio moja. Watoto wangu huenda naye kumbebea maji. Nimewasimulia mambo yote niliyoyaandika hapa, kwa kikao kimoja, koti, tope, Mikumi na kanga, kwa sababu sikutaka wapate nusu leo na nusu siku ya msiba mwingine. Yule mdogo aliniuliza kama babu alimwona shangazi au hakumwona. Nilimjibu kwamba babu alisema hakuelewa, na shangazi anasema alielewa. Akaniuliza mimi nasadiki lipi. Nikamwambia sikuwepo barabarani, ila aliyekuwepo yuko kule makaburini na fagio lake, akitaka aende akamuulize, na amchukulie ndoo.